Kilichofichwa Chini ya Koti la Kennedy

Kuna picha moja ya Rais John F. Kennedy wa Marekani ambayo kila mwalimu wa historia aliyewahi kufundisha siasa za karne ya ishirini ameiona. Ilipigwa mnamo Februari 1961 na George Tames, mpigapicha wa gazeti la New York Times. Rais amesimama peke yake ofisini, amempa mtazamaji mgongo, mikono ameiegemeza mezani na kichwa amekiinamisha. Picha hiyo ilipewa jina lenye maana ya kazi ya upweke kupita zote, na ulimwengu ukaisoma kuwa taswira ya mtu aliyetwikwa mizigo ya dunia nzima. Nami niliisoma hivyo hivyo, nikawafundisha wanafunzi wangu hivyo hivyo, mwaka nenda mwaka rudi.

Ukweli ni kwamba Rais alikuwa akisoma. Alisoma akiwa amesimama na kuegemea meza kwa sababu kuketi kwa muda mrefu kulimuumiza kiuno, na mpigapicha mwenyewe alilijua jambo hilo. Mzigo ulikuwepo, lakini ulikuwa kwenye pingili za chini za uti wa mgongo.

Nimeamua kuandika juu ya mgongo huo leo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba maisha ya Kennedy aghalabu husimuliwa shuleni kwa mhadhara wa kuapishwa, mgogoro wa Kuba na risasi za Dallas, ilhali maumivu yaliyomfuata kutoka ujanani hadi kaburini hayatajwi. Ya pili ni yangu mwenyewe, nami nitaifikia.

Alizaliwa tarehe 29 Mei 1917 huko Brookline, katika jimbo la Massachusetts, mtoto wa pili wa tajiri Joseph Kennedy. Tangu utotoni alikuwa mtu wa hospitali: homa, tumbo, kukonda kusikoeleweka. Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard aliumia mgongo katika kandanda ya Kimarekani, mchezo wa vifua na mabega. Vita vya Pili vya Dunia vilipokaribia kuifikia nchi yake alitaka kuwa askari, lakini madaktari wa jeshi walipoukagua mgongo wake walimkataa. Baba yake akatumia uwezo wake, na mnamo Oktoba 1941 kijana akaingia katika jeshi la wanamaji.

Zingatia jambo hilo, msomaji. Huo ndio mwanzo wa mazoea ya kuuficha ugonjwa kwa msaada wa watu wenye nguvu, na wakati ule nia ilikuwa njema kabisa. Wengine walitumia nguvu za baba zao kuikwepa vita. Yeye alizitumia kuingia.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti 1943, katika Visiwa vya Solomon, boti yake ndogo ya kivita, PT-109, iligongwa na manowari ya Kijapani iliyoitwa Amagiri, ikapasuka vipande viwili. Kati ya mabaharia 13, wawili walikufa. Kennedy aliogelea kwa saa kadhaa hadi kisiwa kidogo, huku akimvuta mwenzake aliyeungua vibaya kwa kuung'ata kwa meno ukanda wa koti la kuokolea maisha. Wenyeji wawili wa visiwa hivyo, Biuku Gasa na Eroni Kumana, ndio waliowakuta manusura hao na kupeleka ujumbe uliochongwa kwenye kifuu cha nazi. Vitabu vingi huwapa mstari mmoja tu, au huwasahau kabisa, ingawa pasipo wao pengine tusingekuwa na Rais wa kumzungumzia.

Mgongo uliokwisha kuumia hauponi kwa kazi ya namna hiyo. Mnamo Juni 1944 alipasuliwa kwa mara ya kwanza huko Boston.

Hapa inafaa nieleze kwa ufupi kinachozungumziwa. Baina ya pingili moja ya uti wa mgongo na nyingine pana diski, yaani kisahani chenye ukingo mgumu mithili ya mpira wa gurudumu na kiini laini kama ute mzito. Ukingo ukichanika, kiini hutokeza na huweza kuigandamiza neva inayoteremka mguuni. Ndipo mtu husikia maumivu yaanzayo kiunoni yakapita tako, paja, ndama hadi wayo, kama waya wenye moto. Mara nyingi mwili wenyewe hukifyonza kidogo kidogo kipande kilichotokeza, kwa majuma au miezi. Dawa ya maumivu haiurudishi ute huo mahali pake. Kazi yake ni kupunguza uvimbe, au kuizuia habari ya maumivu isiufikie ubongo, ili mgonjwa apate nafasi ya kulala, kutembea na kuinyoosha misuli wakati mwili ukijitengeneza. Ni mkopo wa muda. Asiyelijua hilo huudhani kuwa ni tiba.

Upasuaji wa 1944 haukumsaidia Kennedy. Waliompasua walikuta diski iliyolegea kuliko kawaida, wakaiondoa sehemu, lakini maumivu yalibaki. Alichaguliwa mbunge mnamo 1946 akiwa mtu wa kuchechemea. Mwaka uliofuata, akiwa London, aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Addison, ambao huzidhoofisha tezi zilizo juu ya figo zikashindwa kuzalisha homoni ambazo mwili hauwezi kuishi bila hizo. Akiwa melini kurudi kwao alipewa sakramenti ya mwisho ya Wakatoliki. Dawa mpya za homoni, na baadaye kotizoni, zikamwokoa. Lakini kotizoni ikitumiwa kwa miaka mingi hudhoofisha mifupa na kukifanya kidonda kiwe chepesi kupata maambukizi. Kwa hiyo dawa iliyomweka hai ilikuwa pia hatari kwa mgongo wake.

Kufikia 1954, akiwa Seneta, alitembea kwa magongo. Aliyatumia, kisha akayaficha kabla ya kuingia katika chumba chenye watu. Madaktari wa Boston walimshauri asipasuliwe tena, maana mgonjwa wa Addison huweza kufia mezani. Akaenda New York, na tarehe 21 Oktoba 1954 akapasuliwa na kuwekewa bamba la chuma ili pingili ziungane. Maambukizi yakaingia, akazimia, na padri akaitwa tena. Mnamo Februari 1955 akarudishwa chumba cha upasuaji, bamba likaondolewa. Alikuwa hospitali Seneti ilipopiga kura ya kumkaripia Joseph McCarthy mnamo Desemba 1954, na wapinzani wake hawakukoma kumuuliza kwa nini hakupiga kura. Wakati wa kujiuguza aliandaa, kwa msaada mkubwa wa msaidizi wake Theodore Sorensen, kitabu Profiles in Courage, ambacho kilipata tuzo ya Pulitzer mnamo 1957.

Mnamo Novemba 1955 jarida moja la upasuaji lilichapa ripoti ya wagonjwa wa Addison waliofanyiwa upasuaji. Mmoja wao alikuwa mwanamume wa miaka 37 asiyetajwa jina. Ilipita miaka kumi na zaidi kabla ya daktari mmoja kulinganisha tarehe na kutambua kwamba mtu huyo alikuwa Kennedy. Ushahidi ulikuwa rafuni katika maktaba za udaktari, mbele ya macho ya kila mtu, na Marekani ikapiga kura ya urais bila kuusoma.

Mwezi Mei 1955 alimwendea Dkt. Janet Travell wa New York, bingwa wa maumivu ya misuli. Bibi huyu alimdunga prokaini, dawa ya ganzi ya jamii ile ile ambayo daktari wa meno huidunga kwenye ufizi, katika sehemu za misuli zilizokaza. Aligundua kwamba mguu mmoja wa Kennedy ulikuwa mfupi kuliko mwingine, akaagiza kiatu kiinuliwe. Alimpa pia kiti cha kubembea, ambacho baadaye kikawa alama yake mbele ya kamera. Kwa mara ya kwanza mgonjwa alipata nafuu ya kueleweka, na simlaumu kwa kumshukuru mama huyo. Hata hivyo, kati ya Mei 1955 na Oktoba 1957 alilazwa hospitali mara tisa, jumla ya siku zaidi ya 40, na wapiga kura hawakuambiwa.

Sasa tufike kwetu. Mnamo Julai 1960, wafuasi wa mshindani wake Lyndon Johnson walitangaza kwamba Kennedy alikuwa na ugonjwa wa Addison. Upande wake ukakana kwa maneno yaliyopimwa kwa uangalifu, yakisaidiwa na barua ya madaktari wake. Majuma machache baadaye, tarehe 26 Julai 1960, Tom Mboya alimtembelea nyumbani kwake Hyannis Port kuomba msaada wa kuwasafirisha kwa ndege wanafunzi wa Afrika Mashariki waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani. Wakfu wa familia ya Kennedy, uliobeba jina la kaka yake aliyekufa vitani mnamo 1944, ukatoa dola 100,000. Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwa Wangari Maathai, aliyekwenda kusoma Atchison, Kansas. Walimu wengi wa kizazi kilichonitangulia walifundishwa na watu waliopanda ndege zile.

Najiuliza kila ninapoisimulia habari hiyo darasani: je, angekiri ugonjwa wake mwezi ule, chama chake kingemteua? Naamini kisingemteua. Mwaka 1960 mtu wa magongo na sindano hakupewa Ikulu. Franklin Roosevelt mwenyewe alifika huko kwa kuwa wapigapicha walikubali kutoionyesha miguu yake. Kwa hiyo siwezi kumhukumu Kennedy kwa wepesi kwa kuwaficha wapiga kura, ingawa najua kwamba walikuwa na haki ya kujua. Nisichoweza kumsamehe ni kuwaficha madaktari wake wenyewe.

Maana hilo ndilo lililotokea. Katika kampeni ya mwaka ule aliletewa Dkt. Max Jacobson, mganga wa watu mashuhuri wa New York, ambaye sindano zake zilimfanya mchovu ajione simba. Ndani yake mlikuwa na amfetamini. Mnamo 1961 Kennedy akawa na madaktari kadhaa kwa wakati mmoja: Travell akidunga prokaini, Dkt. Eugene Cohen akisimamia homoni, Amiri George Burkley wa jeshi la wanamaji akiangalia afya yake ya kila siku, na Jacobson akiingia na kutoka kwa mlango wa nyuma. Kila mmoja alikuwa na mfuko wake. Kumbukumbu za matibabu zinataja, kwa nyakati mbalimbali, kodini, Demerol na methadoni za kutuliza maumivu, Ritalin ya kuchangamsha, dawa za kuondoa wasiwasi, dawa za usingizi, homoni za kuongezea. Dawa ya kuamsha, dawa ya kulaza. Hakuna mfamasia mwenye akili timamu ambaye angeiona orodha hiyo nzima akanyamaza, na ndiyo sababu haikuwekwa mahali pamoja.

Tarehe 16 Mei 1961, akiwa Ottawa, alipewa koleo apande mti wa kumbukumbu. Akainama, akautonesha mgongo. Siku chache baadaye alilazimika kusafiri kwenda Paris, kisha Vienna, kukutana na Nikita Khrushchev tarehe 3 na 4 Juni. Travell alikuwa na sindano zake, na Jacobson naye alikuwa amekwenda na zake. Khrushchev alimshinda katika mazungumzo hayo, na Kennedy mwenyewe alilijua hilo. Wako wanaozitupia lawama sindano za Jacobson. Mimi naona kwamba Khrushchev alitosha kuwa mzigo bila msaada wa sindano. Lakini kiongozi anayekwenda kuzungumzia Berlin na silaha za nyuklia huku damuni mwake mna mchanganyiko ambao hakuna daktari mmoja aliyeujua wote, huyo amecheza kamari na maisha ya watu wasiohesabika. Aliporejea nyumbani alionekana hadharani kwa magongo, na ikabidi ainuliwe kwa mtambo ili aingie katika ndege yake.

Katika majira yale ya joto prokaini ilidungwa hata mara mbili au tatu kwa siku. Ganzi huisha upesi, na kila inapoisha misuli iliyolala huwa imezidi kudhoofika. Burkley na Cohen wakaingiwa na hofu kwamba wakiendelea hivyo Rais atakaa katika kiti cha magurudumu. Wakasisitiza aitwe Dkt. Hans Kraus, mzaliwa wa Trieste, mpanda milima hodari, aliyeamini kwamba migongo mingi huumia kwa kukosa kazi. Kraus alifika Oktoba 1961. Alikuta misuli ya tumbo na mgongo imedhoofika na ya nyuma ya mapaja imekaza kama kamba ya tanga. Akamwambia Rais bila kupamba kwamba bila mazoezi ya kila juma atalemaa. Yakaanza mazoezi mara kadhaa kwa wiki katika chumba kidogo karibu na bwawa la kuogelea la Ikulu: kunyoosha, kuinua miguu, kulegeza, taratibu, bila kishindo. Sindano za Travell zikakomeshwa. Bibi huyo alibaki na cheo chake, lakini matibabu yalihamia mikononi mwa Burkley, na mlango ukaanza kufungwa kwa waganga wa pembeni.

Hapa ndipo sababu yangu ya pili inapoingia. Mimi niliumia diski nilipokuwa nikisaidia kulisukuma basi la shule lililokwama matopeni. Kwa miezi minane nilifundisha nikiwa nimeegemea meza kama mtu wa picha ile ya Tames. Nilipewa vidonge katika zahanati, nikanunua vingine katika duka la dawa pasipo cheti, na mwenzangu akanipa vya mama yake. Sikumwambia mtoaji yeyote habari za mwenzake. Niliogopa pia kumwambia mkuu wa shule, kwa kuwa zilikuwepo fununu za kupunguza walimu. Vidonge viwili kati ya vile nilivyokuwa nikivimeza, kumbe, vilikuwa vya jamii moja chini ya majina mawili ya biashara. Nilitambua hilo usiku nilipotapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa, ambacho sasa najua kuwa ni damu ya tumboni. Daktari aliyenipokea alinitaka niweke dawa zote juu ya meza yake. Zilikuwa aina tano. Alinibakishia moja, kwa kipimo na siku maalumu, akanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Sisemi kwamba dawa ni adui. Bila ile moja nisingaliweza hata kulala chini kuanza mazoezi, na Kennedy bila Travell pengine asingaliufikia mwaka 1960 akiwa amesimama. Wala sisemi kila mgongo huponywa kwa kunyooshwa: anayepoteza nguvu za mguu, au anayeshindwa kuzuia haja, huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kufikia 1962 Rais alikuwa na nafuu kubwa. Mnamo Oktoba mwaka huo, zilipogunduliwa roketi za Urusi nchini Kuba, alikaa katika mikutano ya siku 13 iliyoweza kuiteketeza dunia. Alikuwa angali anatumia dawa nyingi, zikiwemo za homoni, za tumbo na za maambukizi. Mwanahistoria Robert Dallek, aliyeruhusiwa mnamo 2002 kuzisoma kumbukumbu za matibabu zilizofungwa katika maktaba ya Kennedy huko Boston, alizilinganisha na kanda za mazungumzo ya siku zile. Hakuona dalili kwamba dawa zilimvuruga akili. Nimezisoma nakala za mazungumzo hayo, nami nakubaliana naye: aliyezungumza pale ni mtu mtulivu kuliko majenerali wake, ambao migongo yao haikuwa na kasoro. Je, mikutano hiyo ingekuwa mwezi Juni 1961? Swali hilo huwapa wanafunzi wangu, na hawajapata kukubaliana.

Jacobson aliendelea kudunga watu wengine mjini New York hadi jimbo hilo lilipomnyang'anya leseni mnamo 1975.

Kitu kimoja Kennedy hakukiacha licha ya mazoezi, nacho ni mkanda mgumu wa kiunoni. Tarehe 22 Novemba 1963 aliufunga kama kawaida, akazungushia bendeji pana ya mpira kiunoni na mapajani, akavaa shati na koti juu yake, akapanda gari la wazi mjini Dallas. Risasi ya kwanza iliyompata ilipita shingoni, na hakuanguka kitini. Alibaki wima hadi iliyofuata ikampata kichwani. Baadhi ya madaktari wameandika kwamba ni mkanda ule uliomzuia asiiname. Wengine wanaona kwamba sekunde zilikuwa chache mno kwa mtu yeyote kuinama. Alikuwa na umri wa miaka 46.